Tangazo Lisilo na Kosa

Tassia, Nairobi.
Jumatano asubuhi.

Dada yangu mpendwa Nthoki,

Nakusalimu kwa nguvu, mwana wa mwaitu, kama mtu anayegonga geti akijua kabisa wenyewe wako ndani. Hamjambo hapo Masii? Goti la mwaitu, mama yetu, limetulia, au bado linatabiri mvua isiyokuja? Yule mbuzi mwenye tabia mbaya ameuzwa au ameokoka? Mwambie mwaitu kitinda mimba wake anakula vizuri, tena kwa uma. Mimi ni mzima, mzima wa kuzidisha.

Kabla sijaendelea, keti. Nthoki, bahati imenishika shati na haitaki kuniachilia. Nimeandikwa kazi Westlands, juu ghorofani, mahali ambapo mtu hapandi ngazi kama mwizi bali anaingia kwenye lifti yenye kioo cha urefu wa mtu mzima. Kila asubuhi najitazama humo nikipanda na kujiuliza, Nzomo, kweli ni wewe? Kazi yenyewe ni kuwasahihishia watu waliosoma. Umesikia hapo? Mimi niliyeiacha shule kidato cha pili, au ikaniacha yenyewe, sasa wenye digrii wananiletea maandishi yao niwatolee aibu kabla hayajaenda mtandaoni. Nimehama Kayole. Niko Tassia, kwenye nyumba ambayo maji yanatoka kwenye bomba badala ya kutoka kwenye ahadi. Nina kochi la kona. Ukikaa mwisho huu, aliye mwisho ule unampigia simu.

Kwa hivyo, dada, sina mtu ninayemwonea wivu chini ya jua hili. Lishike hilo neno unaposoma, na usome mpaka mwisho. Aliyekuletea barua ni Mwangangi, yule binamu yetu wa lori la mchanga. Nimemwambia asiondoke mlangoni pako mpaka uukunje ukurasa wa mwisho. Usimuulize kitu, anajua kuendesha lori, kuongea hajui. Mpe chai tu.

Utashangaa ni kwa nini mtu wa simu kama mimi ameandika kwa kalamu. Utajua. Acha nianze pale mambo yalipoanzia.

Unakumbuka ile meza yangu ya Kayole, Spine Road, nje ya duka la Abdifatah? Abdifatah anauza simu na makava yake, na meza alinipa kwa sababu nilimwokoa. Alikuwa amebandika tangazo Facebook kwamba anauza simu mpya zilizotumika, na mtaa mzima ukawa unapita dukani kucheka. Nikamkalisha, nikamwandikia upya, nikaweka koma na nukta, nikatoa zile alama za mshangao alizozipanga kama nguzo za stima. Wiki hiyo akaja mteja kutoka Buruburu akasema amekuja kwa sababu tangazo lilimheshimu. Abdifatah akaniambia kwamba mimi ni daktari. Sikumbishia.

Baada yake wakaja wengi. Githinji, anayeshona viatu vya tairi kule Kariokor, alikuwa anaandika matangazo yote kwa herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayempigia mwizi kelele. Nikamshusha sauti. Teresiah, mama anayeuza sukuma wiki na ambaye tulipakana naye chumba kwa chumba, aliandika pole kwenye kikundi cha wafiwa, simu yake ikajifanya inajua kuliko yeye, ikabadilisha. Aliwaambia wafiwa Poland sana. Wafiwa wakadhani marehemu alikuwa na mali ng'ambo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikamwekea kibodi ya Kiswahili na nikamfundisha kwamba ile mashine ya tahajia ni mtumishi tu, haifai kumpa funguo za nyumba.

Nilikuwa nawafundisha wote, bure kabisa. Andika, weka simu chini, kunywa maji, kisha soma kwa sauti kabla hujatuma. Ukiona mstari mwekundu chini ya neno, usitukane, uliza. Kama neno hulijui, chukua lile unalolijua. Nthoki, watu wa Kayole walianza kuandika vizuri hadi mwalimu mmoja wa hapo akanisalimia kwa jina.

Sasa sikiliza kuhusu bomba. Ile ploti yetu ya vyumba vya kupanga ina bomba moja la kweli, chini, karibu na ngazi, na maji yakija Jumamosi watu wote hupanga mitungi foleni. Hapo ndipo tulizaa desturi. Mtu akitumiwa tangazo lolote la kazi, la zawadi, la shamba, analileta. Mimi nasimama juu ya mtungi uliopinduliwa, nasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Nikifika penye kosa naangusha mkono, na foleni nzima inapiga kelele, Tapeli! Watoto, wazee, hata msimamizi wa ploti anayejifanya hacheki. Likiandikwa "umeshida gari", Tapeli! Likiandikwa "tuma kitambulisho yako haraka sana", Tapeli! Lakini likifika mwisho bila kosa, nashuka na kusema, Imepita, na watu wanapiga makofi.

Sheria yangu ilikuwa fupi. Tapeli hana muda wa koma. Niliisema mpaka ikawa yao, na watoto wakawa wanaimba wakiruka kamba. Na ilifanya kazi, usidhani haikufanya. Nyamai, kijana wa kinyozi, karibu atume akiba yake yote kwa watu wa gari la bure, foleni ikampigia kelele akaona haya, akaifuta namba. Jina langu likawa muhuri. Mtu akikuambia Nzomo amepitisha, hakuna swali tena.

Wakati huo ndipo nilipata mteja anayeitwa Sydney. Sijawahi kumwona. Picha yake ya WhatsApp ni mlango wa kanisa. Sauti yake niliisikia kwa ujumbe tu, sauti ya polepole, kama ya mtu anayesoma ratiba ya mazishi. Aliniambia kwamba amesikia sifa zangu, kwamba ana shirika linaloandikia watu wengi na vijana wake wanaandika kama wanakimbizwa, na kwamba anataka Kiswahili laini, kisiwe cha kitabu wala cha stendi, kile cha mama na mwanawe wakiwa jikoni. Nikamjibu kwamba amefika kwa mwenyewe.

Alikuwa ananiletea sentensi moja moja, zimekatwa kutoka mahali zilipokuwa. Leo sentensi kuhusu pasipoti kutunzwa salama, kesho nyingine kuhusu jamaa wenye maneno mengi, siku nyingine salamu tu. Umewahi kupita Kariokor ukaona jinsi wanavyogawana kazi? Huyu anakata soli siku nzima, yule anakata mikanda, na mkata soli hajui kiatu kitaenda mguu wa nani. Nilikuwa mkata soli. Nilimuuliza mara moja haya ni ya nini, akanijibu kwamba ni ya wazazi, wasiwe na wasiwasi. Nikafurahi. Mimi na wazazi ni damu moja. Nikakata soli zangu kwa upendo.

Halafu ikaja Jumamosi ya Clare.

Clare ni binti wa Teresiah, msichana mrefu mwenye kucheka kwa pua, alikuwa anasuka nywele pale chini na kila mwezi anasema mwezi ujao. Alileta tangazo la kazi ya hoteli nje ya nchi. Nikapanda mtungi wangu, nikakohoa, nikaanza. Foleni ilikuwa tayari, midomo wazi. Nikasoma sentensi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nikapunguza mwendo, maana nilikuwa nimezoea kelele na nilizitaka, nikatafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Koma zilikuwa mahali pake. Herufi kubwa zilikuwa mahali pake. Hata shukrani za mwisho zilikuwa na adabu. Tukasikia maji yakimwagika kwenye mtungi uliojaa na hakuna aliyelifunga bomba.

Nikasema, Imepita.

Teresiah aliuangusha mtungi wake akacheza papo hapo kwenye matope. Tulimuaga Clare kwa pilau, nikatoa hotuba yenye maneno makubwa ambayo mengine hata mimi sikuwa nimeyatumia kabla. Akaondoka akiwa amevaa sweta yangu, kwa sababu walimwambia huko kuna baridi.

Kwa muda zilikuja picha. Bwawa la kuogelea, meza yenye maua, lakini Clare mwenyewe hayumo. Kisha hazikuja tena. Teresiah akasema labda ni kazi nyingi. Sote tukasema labda ni kazi nyingi.

Siku moja mchana, niko mezani namsahihishia mtu tangazo la godoro, simu ikaita kwa namba ndefu ya ajabu. Ile namba yangu imechorwa kwenye ukuta wa Abdifatah kwa rangi ya kijani, kila mtoto wa Kayole anaijua kwa moyo, na nadhani ndiyo sababu aliipiga. Alikuwa Clare. Alinong'ona. Alisema kwamba hakuna hoteli. Ni nyumba yenye madirisha yaliyochomelewa vyuma, pasipoti zimechukuliwa siku ya kwanza, na wasichana wamepangwa kwenye meza, kila mmoja na simu, wanaandikia wasichana wengine nyumbani. Asiyeleta mtu hali chakula, na akizidi kutoleta anatolewa chumbani, na anaporudi haongei. Nikamuuliza ni nchi gani, akasema hajui, walivuka usiku. Halafu, Nthoki, akasema kitu ambacho sikukielewa siku hiyo. Alisema, "Anko Nzomo, maneno wanayotupa tuandike ni matamu. Watu wanajibu. Hata mimi ningejibu tena." Nikasikia mlango, nikasikia mtu akiuliza kitu kwa upole sana, simu ikakatika.

Namba hiyo ukiipiga inasema haipo.

Nilimpeleka Teresiah kituoni. Tulipata afisa kijana mwenye adabu, akachukua simu ya Teresiah, akalisoma tangazo akipanda na kushuka kwa kidole. Akatuambia kwamba kusema ukweli hili limeandikwa vizuri, hawa wanaonekana watu wa maana, na binti ni mtu mzima, huenda ni hasira za kazi ngeni. Akaandika jina la Clare, akatuambia turudi tukipata la zaidi. Sikumlaumu. Alikuwa anatumia sheria yangu.

Tangu siku hiyo Teresiah huja mezani kila asubuhi kabla ya kufungua mboga zake. Hanitukani. Ananipa simu na kuniomba nimwonyeshe kosa. Anasema lazima kuna kosa mahali, hata dogo, hata nukta, na kwamba nikilipata atajua ni wapi tulipitwa. Mimi nasoma. Nasoma mbele yake kwa sauti, jinsi nilivyosoma juu ya mtungi, na hakuna kosa. Watu wanaopita wanatuona hivyo, mimi nasoma na yeye ametega sikio, na siku hizi hawapiti karibu. Foleni ya bomba nayo haileti tena matangazo. Nikishuka na mtungi wangu wananipisha mbele, upesi, kama mtu mwenye msiba.

Sasa nifike kwako.

Binti yako Ndinda alinitumia tangazo lake kabla Clare hajapiga simu. Nilikuwa na haraka, niliona tu lilivyonyooka, nikamrudishia kidole gumba. Naye akakuambia, Anko amepitisha. Simu ya Clare ilipokatika, kitu cha kwanza kilichonijia, kabla hata ya Teresiah, ni kile kidole gumba. Nikampigia Ndinda. Alikuwa ameifungia namba yangu. Nikakupigia wewe, ukawa hupokei. Nikapiga tena na tena mpaka Abdifatah akatoka dukani kuuliza nani amekufa.

Na ulipopokea hatimaye, nilikuwa hata sijamaliza kusalimu. Nakukumbusha ulivyosema, maana huenda hujui jinsi maneno yako yalivyonifikia. Wewe Nthoki ninayekujua ungefoka, ungeniita mlevi, ungenikumbusha baiskeli ya baba niliyoiangusha mtoni. Hukufoka. Uliniambia kwa sauti ya chini, kama unasoma Injili, kwamba mlijua ningepiga. Ukasema mliambiwa kwamba watakaowakataza ni wenye wivu, wale wasio na kitu ambao hawajawahi kupigiwa simu kama hii. Ukasema huna ugomvi na mimi, na nisikanyage hapo mpaka mtoto awe amesafiri. Ukamalizia kwamba mtoto hakuachi, anakutangulia tu. Kisha ukaniwekea simu chini, kwa upole.

Nthoki, nilikaa na ile simu sikioni. Hayo maneno niliyajua. Niliyajua hata pumzi zake zilipo.

Niliinuka nikaenda kwa Teresiah, nikamwomba anionyeshe jumbe ambazo alitumiwa yeye mwenyewe, zile za baada ya tangazo. Hakuwahi kunionyesha kwa sababu ziliandikwa kwamba ni za mzazi peke yake. Akanipa simu huku mikono yake ina maji ya mboga. Zilikuwa pale zote, zimepangwa moja baada ya nyingine, kiatu kizima. Mama, pasipoti ya mtoto hutunzwa ofisini jinsi wewe unavyomtunzia cheti chake cha kuzaliwa. Mama, usigombane na ndugu watakaokataza, waitikie kwa upole kisha uzime simu. Mama, mtoto wako hakuachi, anakutangulia tu.

Ni mimi. Sydney aliniletea takataka, vitisho vilivyoandikwa vibaya ambavyo foleni ya bomba ingevipigia kelele kwenye neno la pili, na mimi nikavisafisha. Tangazo lenyewe sikulishika, lilisafishwa na mkata soli mwingine, sijui wa wapi. Lakini sauti inayokuja baadaye, ile inayokaa na mama jikoni na kumfunga masikio, ni yangu. Mstari mwekundu haukuniambia kitu. Hauujui uongo, unajua herufi tu.

Na kuna hili ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Sydney aliponiomba maneno ya mama na mwanawe, mimi sina mtoto, na mwaitu si mtu wa maneno laini. Kwa hivyo nilikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa nafunga macho pale mezani nakuona umesimama mlangoni na leso yako begani, Ndinda anafunga begi, nawe hutaki kulia mbele yake. Kisha naandika kile ambacho kingekutuliza. Ndiyo maana yalikuingia hivyo, dada. Hayakuandikiwa mzazi yeyote. Yalishonwa kwa kipimo cha mguu wako, na niliyeyashona ni mimi.

Nilimwandikia Sydney kwamba naacha na kwamba naenda kusema. Hakukasirika. Alinijibu kwamba kazi yangu ilikuwa safi na kwamba watu wa Masii wameipenda sana. Halafu akauliza goti la mama linaendeleaje. Sijawahi kumwambia mama yetu ana goti linalouma, Nthoki. Ninyi mmemwambia, kwa kujibu yale maswali yake ya upole. Ndiyo sababu unasoma kalamu. Kitakachofika kwenye simu yako kuanzia leo, hata kikiwa na jina langu, hata kikiwa na mzaha wangu, usikiamini. Nimepeleka nakala ya kila alichonitumia kwa ofisi kubwa ya upelelezi huku mjini, na jina langu nikaliweka juu. Mama aliyezipokea hakusema zimeandikwa vizuri, aliomba kiti akakaa. Huenda wakanifunga mimi kwanza. Wanifunge.

Ijumaa asubuhi, kama tangazo la Ndinda lilivyosema, litakuja gari hapo stendi ya Masii kuwachukua wasichana. Ndinda asiwe ndani yake. Usimfungie chumbani, atapitia dirishani, ni mtoto wetu huyo. Toka nje sasa hivi uangalie mbele ya lori la Mwangangi. Yule mama aliyeketi pale na mkoba mapajani ni Teresiah. Nilimwambia yote, kwamba maneno ni yangu. Aliendelea kuosha sukuma wiki, jani kwa jani, mpaka karai likaisha, kisha akaniuliza lori linaondoka lini. Tumepatana hivi. Mimi nimebaki na simu, kwa sababu Clare anaweza kupiga tena na namba anayoijua ni hiyo ya ukutani, na yeye amekuja kwa mtoto wangu. Mkaribishe ndani. Mkalishe na Ndinda. Usiwe hapo katikati, waache wawili. Ana picha ya bwawa la kuogelea na ana sauti yake mwenyewe, na hiyo hakuna aliyeisahihisha.

Msalimie mwaitu, lakini haya usimsomee. Wasalimie watu wa kanisa, na mbuzi pia kama bado yupo. Abdifatah anakusalimu, anasema anaomba kwa njia yake. Ukishaamua, usinipigie. Mpe Mwangangi jibu kwa mdomo, neno moja tu linamtosha, Ndinda yupo au hayupo.

Na yale ya mwanzo, dada. Hakuna Westlands. Hakuna lifti, hakuna Tassia, hakuna kochi. Niko Kayole, mlango ule ule, na meza Abdifatah ameiingiza ndani kwa sababu wateja hawaji. Nilijua ukiona barua ya kukataza kutoka kwa mtu asiye na kitu utaikunja papo hapo, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha mimi mwenyewe kwa yale maneno ya Sydney, kwa hivyo nikajivika bahati ili unisome. Nilidanganya. Sina chochote, na kama unataka kusema nina wivu, sema. Mtoto asipande.

Ni mimi ndugu yako,
Nzomo.